Dai Lenye Alama Tisini na Moja

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, ni kwa sababu jina lake ni refu, lina sifa nyingi mbele na nyingine nyuma, na nikilianza sitapata nafasi ya kusimulia. Itoshe kusema kwamba ina sheria nzuri kuliko majirani zake wote. Likitokea jambo baya, Bunge hukaa likalitungia sheria, sheria ikapigiwa ngoma na kushonewa fulana, na tangu siku hiyo jambo lile huhesabiwa kuwa limekwisha. Ndivyo walivyoimaliza njaa. Ndivyo walivyozimaliza ajali za barabarani. Na mwaka ule ninaousema, waliwamaliza wakubwa wa kazi wenye mikono isiyotulia.

Sheria yenyewe iliitwa Sheria ya Staha Mahali pa Kazi. Kwa kuwa walioitunga walikuwa watu wenye staha, hawakukubali kuchafua karatasi ya serikali kwa kukitaja kitendo kwa jina lake. Walikiita "ukaribu usioombwa." Mfanyakazi aliyefanyiwa ukaribu usioombwa alipewa haki ya kwenda mahakamani, ila kwanza dai lake lipimwe nguvu, ili mahakama isisumbuliwe na madai dhaifu. Alama sitini kati ya mia ndizo zilizotakiwa. Ofisi ya kupimia ikafunguliwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilizinduliwa mara mbili bila kupanda hata mara moja, ikaitwa Dawati la Tathmini ya Nguvu za Madai.

Katika Idara ya Ramani ya nchi hiyo alikuwapo mchora ramani mmoja, jina lake Sikudhani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, ameolewa na mwalimu wa hesabu, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno kwenye mito. Mto aliouchora yeye, ungedhani ukiinamisha karatasi maji yatamwagika. Kanuni zilisema mfanyakazi mpya akae kwenye majaribio mwaka mmoja, kisha athibitishwe kazini. Sikudhani alikuwa katika mwaka wa tatu wa majaribio, kwa sababu barua ya kumthibitisha ilihitaji sahihi ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi hakuwa mtu wa kutia sahihi ovyo.

Mkurugenzi huyo alikuwa Dakta Audifasi Lukomwa. Ukutani kwake palining'inia cheti chenye fremu ya rangi ya dhahabu kilichomtambua kuwa Balozi wa Staha, maana kila idara ilitakiwa iwe na balozi mmoja, na yeye alijiteua ili kuokoa muda.

Siku moja asubuhi alimwita Sikudhani ampelekee ramani ya kaskazini. Alipoingia, Mkurugenzi akaurudisha mlango.

"Barua yako ninayo hapa," alisema. "Imekamilika. Inakosa kitu kimoja tu."

"Sahihi yako, Mkurugenzi."

"Ukaribu, binti. Kazi bila ukaribu haiendi."

Akamshika kiuno. Sikudhani akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga kabati la mafaili. "Naomba unipishe, Mkurugenzi," alisema, na alishangaa kusikia jinsi sauti yake ilivyotoka ndogo, kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua. Mkurugenzi hakumpisha. Mkono ulikuwa unapanda.

Hapo mlango ukafunguliwa. Aliyefungua alikuwa Mama Koleta, katibu muhtasi wake, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amebisha hodi kwenye mlango ule. Siku hiyo hakubisha.

"Samahani, Mkurugenzi. Kuna simu kutoka Wizarani."

Hapakuwa na simu yoyote. Sikudhani akapita, akatoka, akasimama ukumbini huku ramani ya kaskazini imekunjamana mikononi. Mama Koleta alimfuata, akamrekebishia ushungi uliomteleza begani.

"Mimi nimeona," alisema taratibu. "Ukinihitaji, nimeona."

*

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata alipangiwa safari ya kikazi kwenda kukagua ziwa, na alipofika hotelini akakuta wametengewa chumba kimoja, yeye na Mkurugenzi. Aligeuka na basi la mchana lile lile. Tangu hapo ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu yake, mara tatu, mara nne kwa siku. Dakta Lukomwa alikuwa mtu wa lugha. Aliandika: "Ramani bila mito haina raha. Njoo tuiangalie mito." Siku nyingine akaandika: "Mito ni miwili, yote ya manyoya, na mmoja unakusubiri wewe."

Sikudhani akachukua fulana aliyogawiwa siku ya kuzinduliwa kwa sheria, akaisoma anwani ya Dawati iliyochapwa mgongoni, akaenda.

Afisa Tathmini alikuwa Bwana Hiza Mkande, mtu wa makamo aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Nataka mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Alimpa Sikudhani kiti chenye mto, yeye akakalia kile kilichovunjika egemeo, na kabla ya kuanza alimwuliza kama amekunywa chai. Kisha akafungua fomu ya kurasa tisa.

"Swali la kwanza. Ukaribu huo hukuuomba?"

"Sikuuomba."

"Nakuamini. Lakini fomu inataka ithibitike. Asubuhi ukikutana na Mkurugenzi, humsalimia vipi?"

"Namwamkia. Nasema shikamoo."

Bwana Hiza akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. Alionekana ana huzuni ya kweli. "Hapo pana tatizo dogo. Mwongozo wetu unasema shikamoo asili yake ni 'nashika miguu yako.' Kwa hiyo, kisheria, habari ya kushikana umeianza wewe. Nakukata alama mbili."

"Nisimwamkie mkubwa wangu?"

"Usipomwamkia utakuwa na kosa la utovu wa nidhamu, nalo linakatwa alama sita. Umechagua vizuri." Akageuza ukurasa. "Naomba kitambulisho chako cha kazi. Ah. Umetabasamu."

"Mpiga picha aliniambia nitabasamu."

"Mpiga picha ni mwanamume?"

Waliendelea hivyo. Aliulizwa kwa nini hakupiga kelele, akasema aliogopa watu watajaa. Ikaandikwa kwamba alitaka faragha. Aliulizwa kwa nini hakuripoti ndani ya siku saba kama sheria inavyotaka, akasema aliripoti siku ya tano tangu ule ujumbe wa manyoya, ila fomu hutolewa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Bwana Hiza akakiri kwamba hilo ni kweli na kwamba wengi huumizwa na Jumanne hiyo, akampa alama moja ya uvumilivu. Mwisho akajumlisha mara mbili kwa kalamu, maana hakuiamini mashine.

"Thelathini na nane," alisema. "Usikate tamaa. Bado tuna huu ujumbe wa simu. Lakini huu ni kama ushairi, na ushairi una maana nyingi. Itabidi niwaulize wenye lugha yao."

Ujumbe ukapelekwa Baraza la Lugha. Baraza likakaa miezi minne. Likaleta ripoti yenye kurasa arobaini, iliyosema kwamba neno "mito" lina maana mbili: maji yanayotiririka, na vitu vya kulalia kichwa. Kwa kuwa aliyeandika ni Mkurugenzi wa Ramani, ujumbe wa kwanza ulihesabiwa kuwa wa kikazi. Ila kuhusu ule wa pili, wataalamu walipekua orodha yote ya mito ya taifa, mikubwa na midogo, ya masika na ya kiangazi, wasikute hata mmoja wa manyoya. Baraza likahitimisha, kwa kura tisa dhidi ya nne, kwamba mwandishi alikusudia kitanda.

Alama zikapanda hadi hamsini na sita.

*

Fomu ilikuwa na kiambatisho kimoja cha kujazwa na mume. Aliye na mume alitakiwa amlete mumewe atie sahihi kwamba mkewe hana mazoea ya kuchekacheka.

Sikudhani aliiweka karatasi ile mezani jioni, kando ya madaftari ambayo mumewe alikuwa akiyasahihisha. Desideri alikuwa mtu mpole. Walioana kwa kupendana, na katika miaka minne hakuwahi kumnyanyulia sauti. Aliisoma mara moja, akaisoma tena, akatia tiki kwenye daftari la mwanafunzi aliyekuwa amekosea.

"Kabla sijatia sahihi," alisema, "niambie jambo moja tu. Ulimchekea?"

Sikudhani akavuta kiti akakaa. "Mimi nacheka na kila mtu, Desi. Hata wewe ulinioa kwa hilo."

"Najua. Nauliza tu, maana wameuliza."

"Wao ni kazi yao kuuliza."

"Basi, yaishe." Akatia sahihi, vizuri, pale pale kwenye mstari. "Mimi niko nawe. Unajua kwamba niko nawe."

Alikuwa naye kweli. Alimsindikiza ofisini mara mbili, akamwekea nakala za ujumbe kwenye bahasha, akazipanga kwa tarehe. Lakini swali likishatoka kinywani halirudi. Sikudhani alianza kujisikiliza. Jirani akisema neno la kuchekesha, alijikuta anatazama kwanza Desideri yuko wapi. Siku moja alijiona kwenye kioo akiwa anachana nywele, akajaribu kutabasamu ili aone ni tabasamu gani hilo linaloandikiwa kiambatisho, akaliacha njiani. Desideri naye aliona kwamba nyumba imepoa, lakini alikuwa ametia sahihi kwamba mkewe hachekicheki, na mtu hawezi kulalamikia jambo alilolithibitisha kwa maandishi.

*

Habari za dai zilipomfikia Mkurugenzi, hakukasirika. Aliitisha kikao cha wafanyakazi wote, akasimama chini ya cheti chake, akasema: "Ndugu zangu, idara isiyolalamikiwa ni idara iliyokufa. Mimi nalipokea jambo hili kwa moyo mkunjufu. Na ili ndugu yetu mlalamikaji apate utulivu wa kufuatilia haki yake, nimempunguzia kazi." Watu wakapiga makofi. Kesho yake Sikudhani alihamishiwa stoo ya ramani za zamani, chini ya ardhi, mahali ambapo maji ya bomba bovu yalikuwa yameshakula mikoa miwili. Alinyang'anywa kalamu zake za wino. Kazi yake ikawa kuzianika ramani juani asubuhi na kuzirudisha mchana.

Alikwenda kumweleza Bwana Hiza, na alipokuwa akieleza machozi yalimtoka. Bwana Hiza alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea leso yake mwenyewe.

"Pole sana," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mkweli, akaongeza: "Na hongera. Hiki ni kisasi cha wazi. Kisasi kina alama kumi na tano."

Zikawa sabini na moja.

"Basi nimeshapita sitini," alisema Sikudhani. "Peleka mahakamani."

"Ningeweza. Lakini sikiliza ushauri wangu kama kaka yako. Wakili wake atakuwa mkali, na sabini na moja si nyingi mbele ya mtu mwenye udaktari. Shahidi una?"

Sikudhani akaikunja ile leso. Shahidi alikuwa naye, na siku zote alikuwa ameukwepa mlango wa Mama Koleta, maana mwaka mmoja na nusu ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu, na mtu hamwombi mwenzake aruke mtoni akiwa amekaribia ng'ambo.

Lakini jioni ile ile Mama Koleta ndiye aliyeshuka stoo, akishika ukuta kwa sababu ya magoti. Akaketi juu ya kreti.

"Nasikia wanatafuta shahidi."

"Si lazima, mama. Alama zimetosha."

"Sikukuuliza kama zimetosha." Akavuta pumzi. "Kabla yako walikuwapo wawili. Yule mrefu, Felista, na yule mdogo wa masjala, simkumbuki tena jina, na hilo ndilo linalonitesa, kwamba simkumbuki jina. Niliona. Nikabisha hodi, nikasubiri nijibiwe. Barua zao za kuacha kazi nilizipiga chapa mimi, kwa vidole hivi. Unafikiri nitastaafu nikalime bustani nikiwa na vidole hivi?"

Sikudhani akamshika mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa ya baridi.

Utaratibu ulitaka shahidi aombe ruhusa kwa mkuu wake wa kazi. Mama Koleta akaandika barua ya kumwomba Dakta Lukomwa ruhusa ya kwenda kutoa ushahidi dhidi ya Dakta Lukomwa. Alikubaliwa siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa serikali ile ilikuwa katika mwezi wa kubana matumizi ya karatasi, upande wa pili wa ruhusa ile ndiko kulikochapwa barua yake ya uhamisho: aripoti Kituo cha Alama ya Mpaka Namba Sita, siku mbili kutoka mji mkuu, akafanye kazi ya kuthibitisha kila asubuhi kwamba mpaka upo.

Alizisoma pande zote mbili. Kisha akapanda ghorofa nne, akipumzika kila kituo cha ngazi, akaingia kwa Bwana Hiza na daftari chini ya kwapa. Humo, kwa hati mkato ya makatibu wa zamani, ambayo hakuna kijana hata mmoja ofisini aliyeweza kuisoma, alikuwa ameandika kila alichosikia kupitia ule mlango katika miaka sita, kwa tarehe na saa. Alisoma kwa saa mbili. Hakupandisha sauti wala hakuongeza neno lake. Bwana Hiza aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima nyingine ofisi ya jirani.

Mwongozo ulimruhusu kumpa shahidi alama zisizozidi ishirini. Alizitoa zote.

*

Barua ya matokeo ilikuja na mihuri mitatu. Ilisema hivi:

"Dawati lina furaha kukujulisha kwamba dai lako limepata alama tisini na moja kati ya mia, na kwamba ndilo dai lenye nguvu kuliko yote tangu Dawati lianzishwe. Dawati limeridhika pasipo shaka kwamba yote uliyoyaeleza yalitokea. Aidha, kwa mujibu wa Kanuni Ndogo ya kumi na nne, dai linalozidi alama themanini na tano huhesabiwa kuwa na nguvu ya kuweza kutikisa taasisi. Dai la aina hiyo halitapelekwa mahakamani, bali litahifadhiwa na kutumika kuelimisha umma. Tunakupongeza."

Sikudhani aliipanda ngazi na barua mkononi. Bwana Hiza alikuwa amesimama dirishani. Hakuketi wala hakumwambia aketi.

"Kanuni hiyo mbona hukuniambia?"

"Mimi mwenyewe nimeoneshwa juzi. Kanuni ndogo ni za siri, ili watu wasizilenge." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Yanayokwenda mahakamani ni ya kati ya sitini na themanini na tano. Nimeangalia kwenye vitabu. Tangu Dawati lifunguliwe hakuna hata moja lililowahi kuangukia hapo."

"Langu liliangukia. Lilikuwa sabini na moja."

"Ndiyo."

"Nilikwambia upeleke."

"Uliniambia," alisema Bwana Hiza. Akavua miwani, lakini safari hii hakuifuta. Alibaki ameishika tu, na Sikudhani akaona kwamba pasipo miwani macho yake yalikuwa ya mtu mzee sana. "Sijalala vizuri tangu juzi. Nilitaka uende ukiwa umejikinga. Nisamehe, dada yangu."

Hakumsamehe, wala hakumkatalia. Alishuka ngazi. Njiani alipiga hesabu kama mumewe anavyowafundisha watoto, tisini na moja toa ishirini, na kila alipotoa jibu lilikuwa lile lile.

*

Mwaka uliofuata ilifanyika Semina ya Kitaifa ya Staha, na wafanyakazi wote wa mji mkuu walilazimika kuhudhuria. Mwenyekiti wa semina alikuwa Dakta Lukomwa. Alipewa heshima hiyo kwa sababu idara yake ndiyo iliyotoa dai lenye nguvu kuliko yote nchini, jambo lililoonesha mwamko wa hali ya juu chini ya uongozi wake. Alifungua kwa hotuba ndefu. Alisema staha ni kama ramani. Sikudhani, aliyekuwa kiti cha nyuma karibu na mlango, hakusikia ni kwa namna gani.

Kisha mwezeshaji, kijana mmoja nadhifu, akagawa vitabu vya mafunzo. Ukurasa wa tano palikuwa na "Kisa cha Bi Fulani." Sikudhani akasoma. Yalikuwamo yote: kabati la mafaili, ziwa, mito ya manyoya. Kulikuwa hata na mchoro wa mwanamke aliyeegemea kabati, na mchoraji alikuwa amemtabasamisha.

Washiriki wakagawanywa katika vikundi wajadili nguvu za dai la Bi Fulani. Kikundi cha kwanza kilisema ni dai la mfano. Kikundi cha pili kikasifu mpangilio wa tarehe. Mama mmoja wa kikundi cha tatu, mnene, mwenye sauti ya upole, akainua mkono akauliza: "Na huyu Bi Fulani mwenyewe, sasa yuko wapi?"

Mwezeshaji akapekua kitabu. "Hilo halimo kwenye mada."

"Yuko stoo," alisema Sikudhani.

Vichwa vikageuka. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. "Yuko stoo ya ramani, chini ya ardhi. Anaanika karatasi."

Kule mbele Dakta Lukomwa alikuwa akiandika kitu, hakuinua kichwa.

"Asante kwa mchango wako, dada," alisema mwezeshaji kwa adabu. "Ila tukumbushane, washiriki, tusijibu kwa kubahatisha. Tujikite kwenye maandishi." Akatangaza mapumziko ya chai.

Yule mama mnene aliyeuliza alibaki kitini wakati wengine wakitoka. Alimtazama Sikudhani kwa muda mrefu. Mwishowe akauchana ule ukurasa wa tano kutoka kitabuni mwake, akaukunja mara nne, akautia kifuani ndani ya gauni, akatoka.

*

Mwezi huo Sikudhani alichukua likizo, akapanda basi siku nzima, akalala njiani, na siku ya pili akapewa nafasi kwenye lori la chumvi lililokuwa linakwenda mpakani. Alishushwa mbele ya kibanda cha bati. Mbele yake palikuwa na nguzo ya saruji yenye namba sita, na nyasi pande zote mbili, ndefu sawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Mama Koleta ndiye aliyekonda. Alimwonesha daftari la kazi. Kila ukurasa, kila mstari, tarehe na maneno mawili kwa mwandiko wa katibu: mpaka upo. Mpaka upo. Siku moja tu, alisema, aliumwa asiweze kuamka, nao ulikuwapo vile vile. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaanza kuambua maganda ya mihogo aliyokuwa ameichoma.

"Barua hazifiki huku," alisema. "Kesi imefikia wapi?"

"Walitoa alama, mama. Tisini na moja."

Kisu kikasimama. "Kati ya mia?"

"Kati ya mia. Hakuna aliyewahi kuzipata."

"Na mahakamani?"

"Haikwenda. Wamesema ina nguvu kupita kiasi."

Mama Koleta hakushangaa. Aliyekaa serikalini miaka thelathini na mmoja ana mambo machache ya kumshangaza. Aliambua muhogo ule mpaka mwisho, akauweka kwenye sahani.

"Yeye yupo?"

"Yupo. Amekuwa mwenyekiti."

"Mh." Akachukua mwingine. Upepo ulipita kwenye nyasi za nchi ile ukaingia kwenye nyasi za nchi hii. Baada ya muda akauliza, bila kuinua macho: "Lakini mimi waliniamini?"

"Kila neno."

"Hawakusema bibi mzee anaota?"

"Hapana, mama. Walikupa zote. Ishirini kwa ishirini."

"Ishirini," alisema Mama Koleta, na uso wake ukawa kama uso wa mtu aliyepokelewa mzigo kichwani. "Shuleni sikuwahi kupata zote. Basi zilisaidia."

Sikudhani aliitazama ile nguzo. Aliitazama namba yake, rangi yake iliyobanduka, na sisimizi waliokuwa wakivuka wakienda na kurudi.

"Zilisaidia sana," alisema.

"Ningewaandikia wale wawili wa kabla yako, kama ningejua wako wapi." Mama Koleta akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa taabu. "Ngoja nilete chumvi."

Alipoingia ndani, Sikudhani akainamisha uso magotini akalia. Alilia kwa kuubana mdomo, kama alivyojifunza stoo, mahali ambapo sauti hupanda kwenye mabomba. Hakusikia hatua zikirudi. Alipoinua kichwa, Mama Koleta alikuwa amesimama mbele yake na kibakuli cha chumvi.

"Ni moshi," alisema Sikudhani, akijipangusa.

Mama Koleta aliyatazama mafiga. Moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi, na jivu lilikuwa limepoa. Akaketi, akamsogezea chumvi, wakala.